F. Lee Bailey, wakili wa utetezi aliyependa kuruka: urubani ulimjenga au ulimwangusha?

#1 – Wakili wa Kirumba
Wanabodi, habari za jioni. Kila ifikapo mwezi Juni humkumbuka F. Lee Bailey, wakili wa utetezi wa Marekani aliyefariki tarehe 3 Juni 2021 huko Georgia, akiwa amebakiza juma moja tu atimize miaka 88. Wengi wetu tulimfahamu kupitia kesi ya mwaka 1995 ya O. J. Simpson, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani aliyeshtakiwa kwa kumuua aliyekuwa mkewe, lakini wakati huo alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 60 na jina lake lilikuwa limekwisha kuvuma kwa miaka 30.

Ninalotaka tulijadili ni kwamba Bailey alikuwa rubani kabla ya kuwa wakili. Alizaliwa Waltham, Massachusetts, mwaka 1933, akaacha masomo Harvard mwaka 1952 na kujiunga na Jeshi la Majini, kisha akahamia kikosi cha Marine ambako alirusha ndege za kivita za jeti. Huko huko kikosini alipewa kazi za ofisa wa sheria, na uzoefu huo ndio uliofanya Boston University impokee katika kitivo cha sheria ingawa hakuwa na shahada ya kwanza. Alihitimu mwaka 1960 akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Hoja yangu ni kwamba urubani ndio uliomfanya awe wakili aliyekuwa. Rubani hawashi injini kabla hajaipitia orodha yake ya ukaguzi, hata kama ndege hiyohiyo ameirusha asubuhi. Bailey aliingia mahakamani kwa desturi hiyo, na mashahidi wa upande wa mashtaka waliopita mikononi mwake waliiona tofauti. Naomba wenye sheria yao na wenye anga yao waseme.

#2 – Mtoto wa Ilala
Asante kwa uzi, Wakili. Huyu si ndiye aliyemtetea yule muuaji wa Boston aliyewanyonga wanawake hadi akaachiwa huru, kisha akaongoza mawakili wa Simpson? Mtu aliyeshinda kesi kubwa namna hiyo hakuhitaji ndege kumfundisha kitu. Alizaliwa na kipaji.

#3 – Mkaazi wa Lowell
Ndugu yangu wa Ilala, hayo mawili yanahitaji kurekebishwa kabla uzi haujaenda mbali.

Albert DeSalvo hakuachiwa huru, wala hakushtakiwa kwa mauaji yale ya Boston. Mwaka 1967 alishtakiwa kwa unyang'anyi na makosa ya kijinsia dhidi ya wanawake wengine waliokuwa hai, na Bailey alijaribu kuyatumia maungamo ya mteja wake kuhusu mauaji kama uthibitisho kwamba hakuwa na akili timamu. Jopo la wananchi, yaani juri, halikukubali. DeSalvo alifungwa maisha na akauawa kwa kuchomwa kisu gerezani mwaka 1973. Mwaka 2013 vipimo vya vinasaba vilimhusisha na kifo cha Mary Sullivan, mwathirika wa mwisho katika orodha ile. Kwa hivyo hiyo ilikuwa kesi aliyoshindwa. Na kwa upande wa Simpson, kiongozi wa mawakili alikuwa Johnnie Cochran. Kazi kubwa ya Bailey pale ilikuwa kumhoji mpelelezi Mark Fuhrman, aliyekana kwa kiapo kwamba hajatamka neno fulani la kuwatukana watu weusi kwa miaka kumi, kisha kanda zikatokea zikiwa na sauti yake.

Mimi ninaishi Lowell, Massachusetts, mji ambao sisi Wakenya tumeujaza, na kesi iliyomtoa Bailey kwa mara ya kwanza ilikuwa ya hapa hapa. Fundi wa magari alishtakiwa kwa kumuua mkewe, ambaye mwili wake ulipatikana vipande vipande ndani ya mto Merrimack. Bailey aliitwa kwa sababu alijua habari za mashine ya kupima uongo, na wakili mkuu alipougua akaichukua kesi yote. Yule fundi aliachiwa mwaka 1961, wakati Bailey hajafikisha hata miaka miwili tangu amalize shule.

#4 – Kipanga wa Mafia
Salaam kwa wote. Mimi ni rubani wa ndege ndogo za injini moja, na safari zangu nyingi ni za visiwani. Namuunga mkono mleta mada, ila kwa sababu tofauti kidogo na yake.

Watu wa nje hudhani orodha ya ukaguzi ni ya kumkumbusha rubani asiyejua. Sivyo, mikono yake inayajua yote, na orodha ipo kwa sababu mikono inayojua ndiyo inayoruka hatua bila mwenyewe kuhisi. Hata hivyo orodha ni nusu tu ya kazi. Kila ninapokuwa mwanzo wa njia ya kurukia, kabla sijaachia breki, hujiambia kwa sauti nitakachofanya injini ikizima: ikizima nikiwa bado chini, natua mbele yangu popote palipo, na sijaribu kugeuza kurudi uwanjani, kwa kuwa kugeuza ndege isiyo na nguvu karibu na ardhi kumeua marubani wengi wazuri. Uamuzi huo unafanywa mapema kwa sababu injini ikishazima hakuna sekunde za kufikiri.

Nadhani hilo ndilo alilokwenda nalo mahakamani. Wakili anayeuliza swali la dodoso bila kujua atatua wapi shahidi akijibu vingine amegeuza ndege karibu na ardhi.

#5 – Mama Tunu
Nimesoma maelezo ya Kipanga na nimeyapenda, lakini mnazungumzia nusu ya maisha ya mtu. Mnamkumbuka Bailey wa 1966, mshindi wa kesi ya Dakta Sheppard, na kumsahau wa 2001, aliyefutwa katika orodha ya mawakili wa Florida, na miaka miwili baadaye akafutwa Massachusetts kwao. Kama urubani ulimfundisha nidhamu, nidhamu hiyo ilikwenda wapi?

Mimi ni mhasibu, na ninaangalia fedha. Ndege haili majani. Huyu alikuwa na jeti yake aliyoirusha mwenyewe kwenda kwenye kesi, na mwaka 1971 akanunua kiwanda kizima cha helikopta, Enstrom, kilichoko Menominee, Michigan, akakiendesha karibu miaka yote ya 1970. Mtu mwenye mzigo huo hawezi kuchagua kesi kwa moyo mweupe; lazima ada iingie. Wakati wa kesi ya Patricia Hearst mwaka 1976, yule binti aliyetekwa nyara kisha akashiriki kuiba benki San Francisco, Bailey alikuwa na mpango wa kuandika kitabu kuhusu kesi hiyohiyo aliyokuwa akiitetea. Alishindwa, binti akafungwa, na suala la kitabu likawa hoja katika rufaa. Ni Rais Carter aliyempunguzia kifungo mwaka 1979. Kwangu mimi upendo wa kuruka ndio uliomla polepole.

#6 – Wakili wa Kirumba
Mama Tunu, nitakujibu la fedha baadaye, kwa kuwa ni zito. Kwanza nieleze kwa nini nilianza na maandalizi, maana Kipanga amenipa lugha niliyokuwa naitafuta.

Dakta Sam Sheppard wa Bay Village, Ohio, alipatikana na hatia ya kumuua mkewe Marilyn, aliyekufa usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1954. Kesi ile iliendeshwa na magazeti ya Cleveland kuliko ilivyoendeshwa na jaji. Majina na anwani za wajumbe wa juri yalichapishwa. Waandishi waliwekewa meza ndani ya uzio wa mahakama, karibu na mshtakiwa kiasi kwamba hakuweza kunong'ona na wakili wake bila kusikika, na jaji mwenyewe alikuwa katika kampeni za uchaguzi. Bailey aliichukua kesi hiyo mwaka 1961, akiwa kijana asiye na jina, mteja wake akiwa gerezani kwa miaka saba. Mwaka 1966 alisimama mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani akiwa na miaka 32, na mwezi Juni mahakama hiyo ikaitengua hukumu kwa kura 8 dhidi ya 1.

Kesi ikaanza upya mwaka huohuo. Katika kesi ya kwanza, Samuel Gerber, daktari mchunguzi wa vifo, alikuwa amewaambia wajumbe kwamba doa la damu kwenye foronya lilikuwa na umbo la kifaa cha upasuaji, na wote walijua kwamba Sheppard ni mpasuaji. Bailey alimuuliza Gerber kama alikitafuta kifaa hicho. Gerber alikiri kwamba alikitafuta kote Marekani. Bailey akamwomba awaeleze wajumbe alichokipata, na hapakuwa na kitu cha kueleza. Maswali machache ya utulivu yaliondoa ushahidi uliomfunga mtu karibu miaka kumi. Swali la namna hiyo haliulizwi na mtu asiyejua jibu tangu nyumbani.

Mimi mwenyewe, miaka yangu ya mwanzo Mwanza, niliwahi kumuuliza shahidi swali moja la ziada baada ya kupata nilichokitaka, kwa sababu nilisikia watu nyuma yangu wakiguna kwa kuvutiwa. Jibu lake lilimrudisha mteja wangu rumande. Tangu siku hiyo ninaandika kila swali pamoja na jibu ninalolitarajia, na swali lisilo na jibu la kutarajia silibebi kuingia nalo mahakamani.

#7 – Mzee wa Mnara
Nimeona uzi huu kwa bahati, na nimestaajabu kwamba hakuna aliyetaja jambo ambalo sisi waongoza ndege humkumbukia Bailey. Nilifanya kazi hiyo hadi nikastaafu, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 anga la New York lilikuwa limejaa kupita kiasi. Jeti zilikuwa zimeongezeka haraka kuliko watumishi, na waongoza ndege walifanya kazi siku sita kwa juma. Baadhi yao walipotaka kuunda chama chao walimwendea Bailey, ambaye alikuwa na vitu viwili visivyopatikana kwa pamoja: jina ambalo kila Mmarekani alikuwa amelisikia baada ya kesi ya Sheppard, na leseni ya urubani. Alijua maana ya kuwa ndani ya mawingu huku macho yako yakiwa ni sauti ya mtu usiyemwona. Chama hicho, PATCO, kilizaliwa Januari 1968 kwa msaada wake, na yeye ndiye aliyekuwa msemaji wake mkubwa.

Julai mwaka huohuo wakafanya jambo ambalo kwangu ni la kiwakili kabisa. Watumishi wa serikali walikatazwa kugoma, kwa hiyo hawakugoma. Walianza kufuata kitabu cha kanuni neno kwa neno. Kanuni ilisema ndege mbili zinazoonekana kwenye rada karibu na uwanja zitenganishwe kwa maili 3, na zikiwa mbali zaidi kwa maili 5. Katika siku za kawaida, shughuli zikizidi, nafasi hiyo ilibanwa na wakubwa wakafumba macho, kwa sababu bila kubana foleni haiishi. Basi wao wakaacha kubana. Hakuna aliyevunja sheria hata moja, na viwanja vikubwa vikaelemewa kwa ucheleweshaji. Ni nani angeweza kumwadhibu mtumishi kwa kosa la kutii kanuni?

Ninaisimulia kwa uchungu kidogo. Jioni moja ya masika, katika kituo nilichokuwa nikifanyia kazi, nilikuwa na ndege tatu zikizunguka kusubiri, mvua imefunga upande wa baharini, na mkubwa wangu amesimama nyuma ya kiti changu akinihimiza nizisogeze karibu ili tumalize. Nilikataa. Zote zilitua salama, lakini nilinyamaziwa kwa miezi, na katika miezi hiyo nilitamani nami ningekuwa na mtu wa aina ya Bailey wa kusimama mlangoni na kusema kwamba huyu amefuata kitabu.

Kwa hiyo jibu langu kwa mleta mada ni kwamba urubani haukumpa maandalizi pekee. Ulimpa kuamini kwamba kanuni ni silaha ya mnyonge akiisoma vizuri.

#8 – Mtoto wa Ilala
Mzee, shikamoo. Basi hao ndio waliofukuzwa na Rais Reagan? Kwa hiyo Bailey ndiye aliyewaponza?

#9 – Mzee wa Mnara
Marahaba, mwanangu. Waliofukuzwa ni chama hichohicho, ila miaka haikubaliani. Reagan aliwafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 mwezi Agosti 1981, siku mbili baada ya mgomo kuanza. Bailey alikuwa ameondoka zamani. Yeye aliongoza hadi mwaka 1970, ambapo maelfu walijiita wagonjwa kwa wakati mmoja baada ya wenzao wachache wa Baton Rouge kuhamishwa kwa nguvu. Jambo lile liliishia mahakamani, chama kikayumba, na uongozi ukabadilika. Unaweza kusema kwamba aliwafundisha njia ya kutii kanuni mwaka 1968, nao miaka 13 baadaye wakaiacha njia hiyo wakagoma waziwazi.

#10 – Kipanga wa Mafia
Mtoto wa Ilala, hilo ni kosa la tatu leo; la nne utatununulia wote chai ya tangawizi. Lakini maswali yako ndiyo yanayouchangamsha uzi, usiache kuuliza.

#11 – Binti Mnyampaa
Nimesoma kimya tangu mwanzo, na sasa napenda kupinga kwa adabu. Mnampa ndege sifa isiyo yake.

Bailey alipokuwa mwanafunzi wa sheria aliendesha ofisi ya upelelezi, akichunguza mambo kwa niaba ya mawakili. Huko ndiko alikojifunza kwamba kesi hupatikana nje ya mahakama, kwa kugonga milango, kupima umbali, kumtafuta jirani ambaye polisi hawakumuuliza. Hata katika kesi ya pili ya Sheppard, mbali na Gerber, utetezi ulimleta Paul Kirk, mtaalamu wa California aliyesoma matone ya damu ukutani na kueleza mahali muuaji aliposimama na mkono aliotumia. Hiyo ni kazi ya mpelelezi. Marubani wako wengi duniani na hawakuwa Bailey.

Nina sababu ya kulisema hili kwa nguvu. Kaka yangu alishtakiwa kwa kosa ambalo hakulifanya, na wakili aliyepangiwa alikutana naye kwa mara ya kwanza kwenye ngazi za mahakama, jalada likiwa halijafunguliwa. Kulikuwa na mlinzi wa zamu aliyemwona kaka mahali pengine kabisa saa ileile, na hakuna aliyekwenda kumuuliza. Nilikwenda mimi, kwa daladala mbili, nikiwa na miaka 19, nikaandika maelezo yake kwenye daftari la shule. Kaka alitoka baada ya miezi 14. Wakili yule hakukosa orodha ya ukaguzi. Alikosa nia ya kuondoka kitini.

#12 – Wakili wa Kirumba
Dada, pole kwa yaliyompata kaka yako, na hongera kwa daftari lile. Hoja yako ni nzito na inanilazimu nipunguze madai yangu. Ninabaki tu na swali: kwa nini Bailey mwenyewe aliendelea kuufungamanisha urubani na kazi yake, hata akaandika kitabu kizima kuhusu kuruka mwaka 1977, katikati ya shughuli zote zile?

#13 – Mama Tunu
Kwa sababu aliupenda, na mtu hukipa anachokipenda sifa zote. Sasa nirudi kwenye fedha, maana Wakili aliahidi kujibu na bado.

Mwaka 1994 Bailey alimtetea Claude DuBoc, msafirishaji wa dawa za kulevya aliyekiri kosa na kukubali mali zake zitaifishwe na serikali. Ndani ya mali hizo kulikuwa na hisa zipatazo 600,000 za kampuni ya dawa ya BioChem Pharma, zenye thamani ya karibu dola milioni 6 wakati huo. Hisa ziliwekwa mikononi mwa Bailey. Kisha bei ikapanda hadi zaidi ya dola milioni 20. Bailey akasema ongezeko ni ada yake, serikali ikasema hisa zote ni zake, na hapakuwa na karatasi iliyoandika makubaliano. Mbaya zaidi, alikuwa amekwisha kuzitumia baadhi kama dhamana ya mkopo. Jaji alimwamuru azirudishe, akashindwa, na mwaka 1996, miezi michache tu baada ya Simpson kuachiwa, akakaa kizuizini siku 44 kwa kudharau amri ya mahakama mpaka hisa zikapatikana. Florida ikamfuta mwaka 2001.

Kipanga, niambie: ni rubani gani anapokea mzigo wa milioni 6 bila hati ya mzigo?

#14 – Kipanga wa Mafia
Mama, swali lako limenikosesha usingizi, na jibu langu halitampendeza mleta mada. Ni rubani mwenye saa nyingi za kuruka.

Kijana mwenye saa 200 huogopa wingu jeusi na hurudi. Anayeanguka ni yule ambaye amepita mawingu mia moja na kila mara akatoka upande wa pili. Sisi tuna ugonjwa wetu, wa kulazimisha kufika: abiria wanasubiri, nyumbani kunaonekana karibu, na jana nilipita hapahapa. Bailey alikuwa amemtoa Sheppard, akamtoa Kapteni Medina, na mwaka 1982 mwenyewe alishtakiwa kwa kuendesha gari amelewa akaachiwa, akitetewa na rafiki yake Robert Shapiro. Mtu wa namna hiyo akiambiwa na jaji kwamba hisa si zake, moyo wake humwambia kwamba hili nalo litapita. Kwa hiyo ninasema urubani ulimjenga, na hapohapo ukamfundisha kuzoea hatari. Sioni kama mambo hayo mawili yanaweza kutenganishwa.

#15 – Wakili wa Kirumba
Nakubali sehemu tu. Bailey alisisitiza hadi mwisho kwamba yalikuwepo maafikiano ya mdomo na upande wa mashtaka, na wapo waliomwamini. Mahakama hazikumwamini. Wakili akipokea mali ya mteja anatakiwa kuitenga na mali yake na kuandika kila kitu, na hilo halihitaji hekima ya angani. Ninachokataa ni kusema kwamba alikuwa mroho tangu mwanzo. Aliichukua kesi ya Sheppard wakati familia ile ilikuwa imekwisha kumalizwa na gharama za kesi, na alikaa nayo miaka mitano.

#16 – Mkaazi wa Lowell
Naomba niongeze maelezo mengine, tofauti na ya ndege na ya fedha. Bailey alipenda kusikika. Alimwokoa Sheppard kwa hoja kwamba kelele za magazeti ziliharibu kesi, lakini yeye mwenyewe hakuweza kunyamaza. Massachusetts ilimkaripia rasmi mwaka 1970, na mwaka 1971 New Jersey ilimzuia kwa mwaka mzima asifike mbele ya mahakama zake, kwa sababu ya barua aliyoisambaza kuhusu kesi ya mauaji ambayo bado ilikuwa ikisubiri kusikilizwa. Wakili wa Marekani hupewa leseni na jimbo lake, na akitaka kutetea jimbo jingine lazima aombe ruhusa kila mara. Jeti ilimfikisha mlangoni pa kila jimbo, lakini ruhusa ilikuwa ya wenyeji, na wenyeji walikuwa wakimchoka mmoja mmoja.

Uzeeni aliishi Yarmouth, Maine, ambako alifanya kazi ya ushauri katika ofisi iliyokuwa ghorofa ya juu ya saluni. Akiwa na umri wa karibu miaka 80 alifanya mtihani wa uwakili wa Maine na kufaulu. Jaji mmoja alielekea kumkubali, lakini mwaka 2014 mahakama ya juu ya jimbo ikakataa, ikisema kwamba hajaonyesha kuelewa uzito wa alichokifanya Florida. Mwaka 2016 akaomba kutangazwa mufilisi kwa sababu ya deni la kodi. Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi huko alinieleza jinsi watu walivyokuwa wakipita chini ya dirisha lile kwenda kutengeneza nywele, bila kujua ni nani aliye juu.

#17 – Mtoto wa Ilala
Hapo penye saluni pameniuma. Mtu aliyefaulu mtihani akiwa na miaka karibu 80 alikuwa bado anaitaka kazi, si fedha tu. Kipanga umemtaja Kapteni Medina bila kueleza. Ni nani?

#18 – Mzee wa Mnara
Ngoja nimjibu mimi, maana kesi hiyo inarudi moja kwa moja kwenye helikopta. Ernest Medina alikuwa kamanda wa kombania iliyofanya mauaji ya raia katika kijiji cha My Lai, Vietnam, tarehe 16 Machi 1968. Luteni Calley aliyekuwa chini yake alipatikana na hatia mwaka 1971. Medina alitetewa na Bailey mbele ya mahakama ya kijeshi Fort McPherson, Georgia, na akaachiwa Septemba mwaka huohuo. Wapo wasiomsamehe Bailey kwa kesi hiyo hadi leo, nami siwalaumu, kwa kuwa waliouawa hawakuwa na wakili.

Baada ya kesi Medina aliacha jeshi. Hakuna mahali ambapo angeweza kwenda bila kunyooshewa kidole. Bailey alimwajiri katika kiwanda chake cha helikopta huko Menominee, na yule kapteni akaishi sehemu hizo za mpakani mwa Michigan na Wisconsin mpaka kifo chake mwaka 2018. Mama Tunu aliona kiwanda kile kama mzigo wa gharama. Inawezekana. Lakini kuna mtu mmoja ambaye kiwanda hicho kilikuwa mahali pekee pa kuanza upya.

#19 – Mama Tunu
Hilo sikulijua, Mzee, na ninakushukuru. Sifuti hesabu zangu, kwa kuwa mshahara wa Medina nao ulitoka katika ada za mahabusu fulani. Ila nitakubali kwamba si kila alichokinunua kwa sababu ya kupenda kuruka kilimnufaisha yeye peke yake.

#20 – Binti Mnyampaa
Na mimi sijahama: ni upelelezi. Wakili, umesema mahakama ilimtengulia Sheppard hukumu kwa kura 8 dhidi ya 1. Huyo mmoja aliyepinga alikuwa nani, na alisema nini?

#21 – Wakili wa Kirumba
Alikuwa Jaji Hugo Black. Aliandikwa kuwa amepinga, basi. Hakutoa sababu.